Nilikataliwa Posa kwa Sababu ya Mchekeshaji wa Televisheni

Jamani, kukataliwa posa si jambo geni. Wapo waliokataliwa kwa sababu ya kazi, wapo waliokataliwa kwa sababu ya dini, na ninaye rafiki mmoja aliyekataliwa kwa sababu ya masikio.

Mimi nilikataliwa kwa sababu ya mchekeshaji wa kwenye televisheni.

Sijawahi kuonana naye. Hatuna undugu, hatuna ugomvi, hata kipindi chake huwa sikiangalii. Lakini yeye ndiye aliyeniharibia. Tulieni niwaeleze.

Mimi ni fundi vioo. Nakata vioo vya madirisha, vya kujitazamia, na vya fremu za picha za harusi za watu wengine. Mchumba wangu anauza kwenye duka la dawa mtaa wa pili kutoka karakana yangu, na tulijuana siku niliyoenda kununua plasta baada ya kujikata. Baada ya hapo nikawa najikata mara kwa mara, mpaka akaniambia kama nina jambo niseme tu, maana vidole vitaisha.

Nikasema. Akakubali.

Shida ikawa mama yake.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu. Hakupenda kukaa bure, kwa hiyo akasoma kozi moja ya kwenye simu inayofundisha haiba za watu. Kozi ilisema binadamu wote duniani wamegawanyika katika aina nane, basi. Kuna Nguzo, mtu wa kutegemewa. Kuna Chiriku, wa maneno na vicheko, hatulii mahali. Kuna Mlezi, kuna Dhoruba, kuna Kinyonga, kuna Gogo, na wengine wawili ambao sikuwahi kuwashika.

Angeishia hapo tusingekuwa na shida. Akafungua ukurasa mtandaoni, akawa anawapanga watu maarufu. Mwanamuziki huyu Dhoruba, msomaji habari yule Nguzo, mchezaji fulani Mlezi. Watu wakapenda, wafuasi wakajaa, na Mama akaanza kutembea kwa madaha ya mtu anayejua siri za dunia.

Mimi elimu ile ilinishinda, nasema kweli. Mwanamuziki alipewa Dhoruba kwa sababu ya maneno ya nyimbo zake, na nyimbo zenyewe anatungiwa. Msomaji habari alipewa Nguzo kwa sababu ni mtulivu. Sasa mtu anayesoma maandishi kwenye skrini, tena analipwa, apige kelele za nini?

Na hakuna kilichoweza kumtoa Mama kwenye msimamo. Yule mchezaji aliyeitwa Mlezi siku moja alimpiga mwamuzi kichwa, kila mtu akaona. Nikajua leo atahamishwa. Mama akaandika kwamba Mlezi akiona wenzake wanaonewa hulipuka, kwa hiyo tukio lile limethibitisha kabisa kwamba ni Mlezi.

Nyumbani kwake nako hakuna aliyesalimika. Mumewe, yaani Mzee, alipewa Gogo.

Mzee naye alifanana na cheo chake. Mtu mfupi, sauti nyembamba, kabla ya kustaafu alikuwa mtunza stoo ofisi ya maji. Kutwa nzima amekaa kwenye kona ya sebule, simu mkononi, soksi zimetupwa chini ya kiti. Ukimsalimia anaitikia. Mezani anasema "chumvi". Watu wa nyumbani walidhani anacheza drafti kwenye simu, na Mama hakumlaumu hata kidogo. Alisema gogo ndivyo lilivyo, utalilaumu gogo?

Moyo wa Mama ulikuwa kwa mtu mwingine kabisa.

Babu Tulizana.

Huyu alikuwa mtu wa mtandaoni tu. Hatoi picha wala sauti, na jina lake halisi hakuna anayelijua. Watu wanamwandikia matatizo yao ya ndoa na wakwe, yeye anawajibu kwa maneno machache ya busara, na utani kidogo. Redio zilikuwa zinamsoma asubuhi. Wateja wangu walikuwa wananiletea maneno yake niyabandike kwenye vioo vya magari.

Mama alimchambua Babu Tulizana kwenye makala ndefu kuliko zote. Babu ni Nguzo halisi. Ni mrefu. Sauti yake nzito. Anaamka alfajiri na haachi soksi sebuleni. Kuna mtu aliuliza urefu wa Babu umejulikanaje, akajibiwa kwamba mtu mfupi huwa anajitafutia urefu kwenye maneno, na Babu huandika kwa ufupi.

Sasa mimi ndiyo nikaenda kuposa kwenye nyumba hiyo.

Nilikwenda na baba yangu mdogo. Baba mdogo ni fundi bomba, lakini ukimpa nafasi ya kusema mbele za watu anakuwa mbunge. Akaanza mbali, akazunguka kwa mababu, akaja mpaka kwenye ua lililochanua katika bustani ya watu. Mimi nimekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono magotini, adabu tupu.

Kile kiti mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na hakuna aliyeniambia.

Baba mdogo alipofika pale penye "kijana wetu huyu ni mtu wa kusimama imara," mguu ukaachia. Nikaenda chini na kiti changu.

Na mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni. Nikiogopa, nacheka. Sisemi kutabasamu, nasema kucheka. Nilicheka nikiwa chini pale, nikacheka nikiinuliwa, nikacheka nikiomba radhi. Baba mdogo akawa ananikanyaga mguu ninyamaze, na kila akinikanyaga ndiyo naongeza.

Mama akavua miwani.

"Kijana, sina ubaya na wewe," akasema. "Ila wewe ni Chiriku, na kicheko chako ni kilekile cha yule mchekeshaji wa Jumapili. Yule ameshaacha wake watatu. Binti yangu simtoi awe wa nne."

Nikamweleza kwa heshima kwamba yule analipwa ili acheke, na kwamba mimi sijaacha mke hata mmoja kwa sababu hata kuoa sijaoa. Akasema Chiriku wote hujibu hivyohivyo. Kisha akaongeza kwamba siku nikimletea mtu mfano wa Babu Tulizana, jioni yake harusi inafungwa.

Mzee kwenye kona akasema "mm", akaendelea na simu yake.

Njiani baba mdogo alinifariji kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba yule mzee amenitazama kwa huruma. Sikumsikiliza. Nilikuwa na hasira. Mtu ukikataliwa kwa kosa lako, unajirekebisha. Ukikataliwa kwa kosa la mtu wa kwenye televisheni, unaanzia wapi?

Nikaamua kuwa Nguzo.

Nilimsoma yule msomaji habari jioni kadhaa, jinsi anavyoshusha sauti, jinsi anavyotulia kabla ya kusema. Kisha nikaenda kwa Mama na kioo kipya cha dirisha la jikoni, zawadi, maana cha zamani kilikuwa na ufa. Nikamsalimia kwa sauti nzito. Akaniuliza habari za nyumbani, nikatulia, nikamtazama machoni, nikamjibu kwamba hali kwa ujumla ni shwari. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Nikatulia tena, nikasema suala la chai bado linafuatiliwa.

Mchumba wangu akakimbilia uani kwenda kucheka.

Mama hakucheka. Alisubiri nimalize kufunga kioo, akanishukuru vizuri tu, kisha akaniambia hali yangu ni mbaya kuliko alivyodhani, kwa sababu Chiriku anayejifanya Nguzo ni Kinyonga. Nikatoka pale nimeshuka daraja, na kioo nimeacha.

Wiki hiyohiyo mchumba wangu akaniletea habari akiwa analia. Mama amepata mtu. Mwalimu wa hesabu, mtulivu, Nguzo mtupu, anafanana na msomaji habari kila kitu. Anakuja Jumamosi. Mchumba wangu aliniambia atamkataa mwalimu mbele ya kila mtu, lakini hataki kuolewa huku mama yake amenuna. Alisema yeye ni mtoto wao wa pekee, harusi ambayo mama yake hapigi vigelegele si harusi.

Maji yakanifika shingoni. Na mtu maji yakimfika shingoni hachagui wa kumwomba msaada.

Nikamwandikia Babu Tulizana. Faraghani, siyo hadharani. Nikamweleza yote, posa, kicheko, mchekeshaji, mwalimu wa Jumamosi. Sikutaja jina la mtu. Na mambo ya kiti sikuyagusa kabisa, mwanamume ana aibu zake.

Jibu likaja kabla sijamaliza kukata kioo nilichokuwa nacho mkononi.

"Mjukuu wangu, mama huyo hajakukataa wewe. Amemkataa mtu wa televisheni, na mtu wa televisheni hawezi kuja kujitetea. Usijigeuze tena. Rudi kama ulivyo, useme unachokihisi. Na ukirudi usikalie kile kiti cha dirishani, mguu bado mbovu."

Nikasoma, nikashukuru moyoni, nikarudi kwenye kazi yangu.

Halafu nikaweka kisu cha kukatia chini.

Kiti?

Nikarudia ujumbe wangu neno kwa neno. Hakuna kiti.  Siku ya posa sebuleni tulikuwa mimi, baba mdogo, Mama na Mzee. Mchumba alikuwa jikoni. Baba mdogo hawezi kuandika mistari mitatu bila kupitia kwa mababu. Mama hawezi kuwa, Mama ndiye anayetajwa.

Akabaki mtu mmoja. Nikacheka peke yangu karakanani, kile kicheko changu cha woga.

Kesho yake nikapita pale kwa kisingizio cha kuangalia kama kioo kimeshika. Mama alikuwa jikoni. Mzee kwenye kona. Nikakaa mbali na dirisha, nikaficha simu pajani, nikamwandikia Babu Tulizana neno moja tu, "Shikamoo."

Simu ya Mzee ikatetemeka. Akaisoma, akabonyezabonyeza. Simu yangu ikatetemeka.

"Marahaba."

Mzee akainua macho taratibu, akanitazama juu ya miwani. Tukatazamana hivyo, mimi nacheka, yeye hacheki.

"Kijana," akasema, "njoo tuangalie dirisha la nyuma."

Nyuma hakuna dirisha. Kule kuna ukuta na kamba ya kuanikia nguo. Basi tukasimama katikati ya mashuka, na yule mzee wa "chumvi" akafungua mdomo, nikasikia mtu anayeongea.

Aliniambia zamani alikuwa anazungumza vizuri tu, polepole lakini anazungumza. Siku mkewe alipomaliza ile kozi akampa Gogo. Tangu hapo akisema neno la maana mkewe anacheka, anasema leo gogo limechipua. Akinyamaza anaambiwa unaona. Akaona bora anyamaze, angalau awe amepatia. Siku moja akamjibu mtu mmoja mtandaoni aliyekuwa na shida, yule mtu akashukuru. Akaja wa pili, wakaja mia. Huko hakuna aliyejua kwamba ni Gogo.

Nikamuuliza kama aliisoma ile makala ya mkewe kuhusu Babu Tulizana.

"Nimeisoma mpaka nimeikariri," akasema. "Nilifurahi sana. Baadaye nikaona wivu."

"Wivu kwa nani, Mzee?"

"Kwa huyo Babu."

Jamani, nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikujua nianze na kipi. Akaniomba nisimwambie mtu, nami nikaahidi. Lakini kabla hatujatoka kwenye yale mashuka nilimuuliza jambo moja. Baba akimwandikia Babu Tulizana kwamba binti yake analia na yeye amekaa kwenye kona na simu, Babu angemshauri nini?

Mzee akageuka. Akaanua shati lake ambalo hata halijakauka, akaingia nalo ndani.

Jumamosi ikafika. Mchumba alikuwa ameniomba nije, nikaja, nikasimama mlangoni mwa jikoni kama mtu aliyetumwa sukari. Mwalimu wa hesabu alikuwa amekaa na boksi la biskuti mapajani, mtu mpole kweli, hana kosa lolote. Mama akaanza kueleza uzuri wa Nguzo kuoana na mtu wa duka la dawa. Mchumba wangu akavuta pumzi ili aseme.

Mzee akasimama.

Kwenye nyumba ile hilo peke yake lilikuwa tukio. Mama akanyamaza katikati ya neno.

"Mke wangu, binti amempenda fundi vioo. Muoze fundi vioo."

Mama akashtuka kidogo, kisha akatabasamu, akamwambia mgeni amsamehe, leo gogo limechipua.

"Ulimwambia fundi vioo siku akikuletea mtu kama Babu Tulizana jioni yake harusi inafungwa," Mzee akasema. "Babu Tulizana ni mimi, na nimesema muoze huyu."

Mama akacheka. Akacheka kwa kujishika mbavu, mpaka mwalimu wa hesabu naye akacheka kwa adabu. Alipopata pumzi akamweleza mumewe kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la pili, kwamba haiwezekani. Babu ni Nguzo. Yeye ni Gogo. Mtu hawezi kuwa viwili. Tena Babu ni mrefu.

Mzee hakubishana. Akakaa, akachukua simu, akabonyezabonyeza.

Mama alikuwa amemwekea Babu Tulizana mlio wake peke yake, kengele ya shule. Kengele ikalia mkononi mwake. Nami nikaangalia simu yangu, na mchumba yake, na hata mwalimu wa hesabu ya kwake, maana kumbe sote tunamfuata Babu.

"Wajukuu, leo nimemwambia mke wangu kwamba mimi ni mimi. Amekataa. Anasema mimi ni mfupi."

 Mama akaisoma, akamtazama mumewe, akaisoma tena. Nilitegemea atafurahi, maana mwanamume wa ndoto zake amepatikana, tena yuko humo humo ndani na kodi halipishwi. Hakufurahi. Macho yakamjaa machozi, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Mwalimu wa hesabu akauliza kama arudi siku nyingine. Kisha mwenyewe akaacha biskuti, akaenda zake.

Tukakaa. Baadaye kidogo simu ya Mzee ikatetemeka. Mtu ameandika pale pale hadharani, chini ya ule ujumbe, na jina ni la ukurasa wa Mama.

"Babu, mume wangu anazungumza na dunia nzima, mimi ananiambia chumvi. Nifanye nini?"

Mzee akaanza kuandika. Akafuta. Akaandika tena, jasho linamtoka, akafuta. Watu walishaanza kumpa Mama pole, wengine wanamwambia aachane na huyo mume.

"Baba," mchumba wangu akasema, "mlango si ule pale?"

Mzee akaiangalia simu, akaiweka juu ya meza, akaenda kugonga mlango wa mkewe.

Hatukusikia maneno. Tulisikia ile sauti nyembamba ikiongea, ikiongea, sauti ambayo mchumba wangu alisema hajaisikia hivyo tangu anasoma sekondari. Kisha sauti ya Mama, ya hasira. Kisha ya Mzee tena. Tukamaliza biskuti za mwalimu zote. Mwishoni tukasikia kicheko, na hatukujua ni cha nani.

Mama akatoka macho mekundu, akaja akasimama mbele yangu.

"Kijana, siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Ndipo nikagundua kwamba tangu nimfahamu, huyu mama ameshaniambia mengi sana kuhusu mimi, na hajawahi kuniuliza swali hata moja.

"Niliogopa, Mama. Mimi nikiogopa nacheka. Nampenda binti yako, na niliogopa utaninyima."

Na nikaanza kucheka pale pale, machozi yananitoka, siwezi kujizuia. Mama akanishika bega mpaka kicheko kikatulia.

"Mwambie baba yako mdogo arudi," akasema. "Ila awe mfupi wa maneno."

Tumeoana. Vigelegele Mama alivipiga mpaka sauti ikakauka, na Mzee alitoa hotuba iliyomzidi baba mdogo kwa urefu, akawa anavutwa koti akae.

Lakini sikilizeni hii. Baada ya harusi Mama, mtu muungwana, aliandika kwenye ukurasa wake kusahihisha. Akasema alikosea, Babu Tulizana siyo Nguzo, wala siyo chochote kati ya vile vinane. Ni mumewe, ni mfupi, na soksi anaacha sebuleni.

Wafuasi wakamshukia. Wakamwambia ameishiwa. Wakamwambia Babu wanamjua vizuri sana, ni mrefu, na soksi hawezi kuziacha. Mmoja akaandika uchambuzi mrefu kabisa, wenye vichwa vya habari, kuthibitisha kwamba Mama ni Kinyonga anayetafuta umaarufu kupitia jina la Babu. Mama akamjibu, "Hunijui hata kidogo, unawezaje kuniita Kinyonga?" Yule akajibu kwamba Kinyonga wote husema hivyohivyo.

Mama akaiweka ile simu juu ya meza. Kisha akamwita mumewe waende wakanywe chai.

Funzo, ndugu zangu, ni dogo tu. Mtu maarufu unachokiona ni kile alicholipwa kukuonyesha, na wengine hawajalipwa, wamejificha. Mwache mwanamuziki aimbe, mwache mchekeshaji acheke, usiwape vyeo usivyojua wanavibebaje. Na yule unayekaa naye sebule moja, kabla hujamwambia yeye ni nani, muulize.